Makosa Elfu Nne Mia Moja na Kumi na Mawili

Hakuna kosa lisilo na mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa Kanuni ya Kwanza ya Jamhuri, na hapakuwa na mkubwa wala mdogo aliyehitaji kukumbushwa, kwa kuwa ilichongwa juu ya mlango wa kila shule, kila zahanati na kila choo cha umma. Mvua zilipochelewa, jina lilitafutwa likapatikana: karani mmoja wa hali ya hewa, ambaye baada ya kuhojiwa siku mbili alikiri kwamba hakuwa akiyatazama mawingu kwa moyo mkunjufu. Daraja jipya lilipoanguka siku ya kuzinduliwa, ilithibitika kwamba kosa ni la mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kupita juu yake akiwa amevaa viatu. Kwa hiyo wananchi waliishi kwa utulivu, maana kila baya lilikuwa na anwani yake.

Adhabu nayo ilikuwa ya kistaarabu. Hakuna aliyepigwa. Kwa kila kosa moja, mwenye kosa alilipa siku moja ya ukimya. Asubuhi alikwenda Ofisi ya Makosa, Karani akamfunga kitambaa cheupe cha marekani mdomoni na kugonga muhuri juu ya fundo. Kitambaa kilifunguliwa mara mbili kwa siku, mbele ya shahidi, ili ale. Hakuruhusiwa kusema wala kuandika, na yeyote aliyemsemesha, hata kwa kumsalimu tu, alijipatia kosa lake mwenyewe. Wageni waliotembelea Jamhuri walirudi makwao wakaandika kwamba hawajapata kuona nchi tulivu kama ile.

*

Mzee Natanaeli Shekolowa alikuwa Mpimaji katika Taasisi ya Taifa ya Ukokotozi. Alikuwa mgane wa miaka sitini na mmoja, na hesabu alifundishwa na walimu wa misheni ambao, mwanafunzi akikosea nukta moja ya desimali, walimtaka aandike upya ukurasa mzima huku amesimama. Tangu siku hizo hakupata kuiandika tarakimu asiyoiamini. Tabia hiyo ilimfaa sana katika maisha yake yote, isipokuwa katika kazi.

Taasisi ilikuwa na mashine moja tu, lakini mashine hiyo ilikuwa fahari ya dola. Ndani ya chungu cha chuma kilichonyonywa hewa yote, atomi kumi na mbili za madini ya iterbi, kila moja ikiwa imepokonywa elektroni moja, zilielea katika mstari zikishikiliwa na nguvu za umeme pasipo kugusa kitu chochote. Hizo ndizo ioni. Katika kioo cha kamera zilionekana kama punje kumi na mbili za mwanga. Mwali wa leza ulipozigusa mbili kwa pamoja, zilifanya hatua moja ya hesabu, na hatua hiyo wataalamu waliiita lango. Hesabu kubwa huhitaji malango maelfu, moja baada ya jingine. Lango moja likikosea, jibu lote limeharibika.

Redio ya Taifa ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba malango ya Jamhuri hayakosei hata mara moja katika milioni. Kilichobaki ni kazi ndogo ya kuyafanya yasikosee.

Mpimaji aliyemtangulia Natanaeli aliripoti makosa sifuri kwa miaka sita mfululizo, akastaafu na nishani. Natanaeli alipoipokea ofisi alitafuta siri ya ufanisi ule, akaikuta katika ratiba: vipimo vyote vilifanywa siku ambazo mashine imezimwa.

Yeye aliiwasha. Kwa juma zima alijaribu malango elfu sitini, akahesabu yaliyokosea, akayahesabu tena mara ya pili, na mara ya tatu akayahesabu kuanzia mwisho. Yalikuwa elfu nne mia moja na kumi na mawili. Ndipo alipoifungua fomu, akajaza safu ya kwanza hadi ya sita kwa mwandiko wake wa kulala kidogo upande wa kulia, akafika safu ya saba, iliyosema: *Jina la mwenye kosa.*

Aliiweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa hesabu, na akili yake ilifanya hesabu ile kabla hajaizuia. Siku moja kwa kosa moja. Miaka kumi na mmoja na miezi mitatu.

Kiganja chake kiliacha alama ya jasho juu ya fomu ya Serikali. Aliifuta kwa leso, akaogopa kwamba hata alama ile itahitaji jina.

*

Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi, Profesa Gervas Tindwa, alikuwa na shahada nyingi hivi kwamba mlango wa ofisi yake ulipanuliwa ili kibao cha jina kienee. Aliisoma ripoti akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena na kufunga dirisha.

“Mzee Natanaeli, umefanya nini?”

“Nimepima, Mheshimiwa.”

“Mashine ikiwa imewashwa?”

“Ndiyo, Mheshimiwa.”

“Na nani aliyekuruhusu kuiwasha?” Profesa alishusha sauti na kutazama juu ya kabati, ambako kipaza sauti cha Serikali, kilichotangaza tu lakini kikaogopwa kana kwamba kinasikia, kilikaa kama kilivyokaa katika kila chumba cha nchi ile. “Nikueleze kama mtu mzima mwenzangu. Taasisi hii haina makosa. Taasisi hii ina mafanikio ambayo utekelezaji wake uko katika ngazi mbalimbali za ukamilifu. Juma lijalo ni Sikukuu ya Kanuni. Mabalozi watasimama mbele ya chungu kile. Na wewe waniletea elfu nne!”

“Mia moja na kumi na mawili.”

“Usinitajie!” Profesa aliketi, akajipangusa shingo. Natanaeli alipoona kwamba hata mkubwa yule anaogopa, woga wake mwenyewe uliongezeka badala ya kupungua. “Ripoti imekwisha kupewa namba, siwezi kuichana. Na safu ya saba haiwezi kubaki wazi. Nani anayelenga leza?”

“Adelina Mshitu.”

“Basi. Andika Adelina Mshitu.”

“Leza zimelengwa sawasawa, Mheshimiwa. Kosa si lake.”

“Sikukuuliza kosa ni la nani. Nimekuuliza nani anayelenga leza.”

“Anaishi na mamaye,” alisema Natanaeli. “Mamaye ni kipofu.”

“Kipofu hahitaji kumwona akiwa na kitambaa.”

“Anahitaji kumsikia.”

Profesa alikuwa na mama yeye pia, kule kijijini. Alitazama tena juu ya kabati, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika na yeyote anayesikiliza, “Siku saba, Ndugu Mpimaji! Ama makosa yatoweke, ama jina lionekane!”

*

Siku iliyofuata alifika Mkaguzi wa Wakosaji, Bwana Sudi Mapande, mtu mnene mwenye unyoya wa kuku kofiani, kuja kuongeza ufanisi wa malango. Alitembea mara mbili kuzunguka chungu cha chuma, mikono nyuma.

“Wako wangapi humu?”

“Kumi na mbili, Bwana Mkaguzi,” alisema Adelina. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye kucheka upesi kuliko ilivyokuwa salama.

“Wameapishwa?”

“Bado.”

Mkaguzi alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari aliyeonyeshwa kidonda kilichoachwa mpaka kikaoza. Akatoa karatasi, akazisomea ioni Kiapo cha Utumishi, aya zote tisa, akizikumbusha kwamba Jamhuri ndiyo iliyozitoa katika giza la mwamba na kuziweka mahali penye mwanga, kwamba wapo atomi wengi wasio na nafasi hiyo, na kwamba kukosea lango ni kukosea taifa. Kisha akaagiza kila lango lishuhudiwe na ofisa: hesabu ikifika katikati, isimamishwe, ioni zitazamwe moja moja zinafanya nini.

“Hilo haliwezekani, Bwana Mkaguzi,” alisema Adelina. “Ukizitazama katikati, zinaacha kuhesabu. Hali zao zinavunjika palepale.”

Macho ya Mkaguzi yalikuwa madogo. “Zinaacha kwa nini? Zinaficha nini?”

“Ndivyo zilivyoumbwa.”

“Hata jirani yangu husema hivyohivyo nikimchungulia dirishani,” alisema Mkaguzi, akaandika kitu daftarini. Akampima Adelina kwa macho, kuanzia paji la uso mpaka kidevuni, kama fundi anayekadiria kipande cha kitambaa. Natanaeli aliliona jicho lile, na usiku hakula.

Siku nzima malango yalishuhudiwa, na siku nzima hakuna hata moja lililotoa jibu la maana. Mkaguzi aliridhika. Alisema sasa hatia yao imethibitishwa.

*

Mkaguzi alipokwisha kuondoka, Natanaeli alitandaza mezani karatasi ya mistari ya miraba, akaanza kuyapanga makosa kwa saa na dakika. Adelina alikuwa akipangusa vioo vya leza.

“Mzee, unachora mlima?”

“Nachora kilichopo.”

Adelina alikuja, akainama juu ya karatasi. Makosa hayakutawanyika kama mvua. Yalikuwa yamekusanyika katika vichuguu, kichuguu baada ya kichuguu, na kati yao tambarare tupu yenye kosa moja moja la hapa na pale.

“Kila robo saa,” alisema Adelina.

“Kila robo saa. Dakika nne, kisha yanakoma.”

Hawakutazamana. Katika nchi ile hapakuwa na mtu asiyejua ni kitu gani kilichotokea kila robo saa kwa dakika nne. Na kana kwamba kimeitwa, kipaza sauti kilichokuwa juu ya rafu, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye chungu, kikakoroma, na Salamu ikaanza. Ilikuwa sauti ya Kiongozi wa Daima, iliyorekodiwa miaka ishirini na miwili nyuma, ikiwatakia wananchi kazi njema na kuwaonya. Katika dakika ya tatu palikuwa na kikohozi, kikohozi kimoja kirefu ambacho Kiongozi alikikohoa siku ile ya kurekodi na ambacho hakuna fundi aliyethubutu kukikata. Wananchi walikiinamia vichwa. Natanaeli na Adelina waliinama. Katika kioo, tarakimu za makosa zilikuwa zikipanda.

Salamu ilipokwisha, Adelina alisema kwa sauti ya chini sana, “Ni sauti inayotikisa vioo?”

“Au ni sumaku iliyo ndani ya kipaza. Umeme wa sauti ukipita, nguvu ya sumaku inapanda na kushuka. Ioni zinaihisi, zinabadilika kidogo, nasi leza tumeilenga kwa ioni ambazo hazijabadilika.”

“Tutajuaje ni ipi?”

Natanaeli alijua watajuaje. Ndicho alichokuwa akikiogopa tangu kichuguu cha pili. Ili kujua, ilibidi waya uchomolewe. Na chumba kisicho na Salamu kwa robo saa moja ni kosa ambalo halikuwa na idadi ya siku. Nje ya mlango alisimama askari, na kazi ya askari ilikuwa kusikiliza kama Salamu inasikika.

“Ngoja,” alisema Adelina. “Mimi nitaisema.”

“Utasema nini?”

“Salamu. Nani asiyeijua? Wewe chomoa, mimi niseme, wewe hesabu. Ikiwa ni sauti, makosa yatabaki. Ikiwa ni sumaku, yataondoka. Si ndivyo mnavyopima?”

Natanaeli alitamani kusema hapana. Lakini lilikuwa jaribio zuri, safi, lenye kila kinachotakiwa, na alikuwa amengoja miaka thelathini kuona jaribio kama lile likifanywa katika nchi yake. Akakishika kiungo cha waya. Ilibidi atumie mikono miwili. Saa ya ukutani ilipogonga robo, alivuta.

Adelina aliweka mikono kifuani, akaishusha sauti mpaka tumboni, akatoa Salamu. *Wananchi wangu, fanyeni kazi, na mjue kwamba mnatazamwa.* Ilikuwa sauti yenyewe. Natanaeli alihisi nywele za kisogoni zikisimama, naye akiwa anamwona mdomo ukitembea. Nyuma ya mlango viatu vya askari vilisogea, vikatulia. Dakika ya pili. Jasho lilimdondokea Natanaeli juu ya miwani. Dakika ya tatu Adelina alikohoa, kikohozi kile hasa, chenye mkwaruzo ule mwishoni, na kule nje wakasikia kofia ya askari ikigusa ukuta kwa kuinama.

Malango elfu mbili yalipita. Natanaeli aliurudisha waya mahali pake, akasoma tarakimu.

“Mangapi?” aliuliza Adelina. Alikuwa amekaa sakafuni.

“Matatu.”

Adelina aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mzee hakujua kama alikuwa akicheka au akilia, na pengine yeye mwenyewe hakujua. “Yaani mashine ni nzima! Mzee, mashine yetu ni nzima!”

“Mashine ni nzima,” alisema Natanaeli.

Makosa yale matatu hakuyaandika. Kuyaandika kungetaka saa yake iandikwe, na saa hiyo ingeuliza Salamu ilikuwa wapi, na ni nani aliyekohoa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuona tarakimu ya kweli na kuiacha ipotee. Alirudi nyumbani akitembea pembeni mwa barabara.

*

Jumapili, baada ya ibada, alipita nyumbani kwa akina Mshitu. Kwaya siku hiyo iliimba kwa nusu, maana sauti ya pili yote ilikuwa na vitambaa.

Bibi Nakiete, mamaye Adelina, alikaa kwenye kigoda akipepeta mchele kwa vidole. Kabla Natanaeli hajabisha hodi alimsikia Adelina ndani, akiongea pasipo kupumua: sasa naingia jikoni, mama, nachukua sufuria, sufuria ina moto, nimeiweka kushoto kwako, natoka uani, nipo uani. Alikuwa kama redio ya nyumba ile.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Huyo ni wa misheni,” alisema Bibi Nakiete. “Anatamka herufi zote. Karibu uketi. Huyu binti yangu ana kelele, utamsamehe. Akinyamaza kidogo tu nahisi nyumba imekwenda na mimi nimebaki.”

Adelina alimsindikiza mpaka kwenye ua. “Usimwambie,” alisema. “Na ile kweli usiiandike, Mzee. Andika jina langu. Mimi nitafungwa kitambaa, wewe watakufunga kamba shingoni.”

“Sijapata kuandika tarakimu nisiyoiamini.”

“Jina si tarakimu.”

“Katika safu ya saba ni tarakimu,” alisema Natanaeli.

*

Baraza la Makosa lilikaa siku ya saba, saa nne asubuhi. Walikuwa watatu: Profesa Tindwa, Mkaguzi Mapande, na Karani wa Makosa, Bwana Mwinjuma Chande, mtu mwembamba mwenye mkasi na bunda la marekani mbele yake. Kulikuwa na birika la chai na vikombe vitatu. Adelina alikalishwa kwenye benchi la ukutani, karibu na mkasi.

“Ndugu Mpimaji,” alisema Profesa kwa sauti ya mkutano wa hadhara, “Baraza hili, likiongozwa na mwanga wa Kanuni, na likizingatia kwamba kosa bila mwenyewe ni yatima anayezurura katika mwili wa taifa, linakutaka ulete safu ya saba.”

Natanaeli alisimama. Aliweka ukurasa mezani. Alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake wa kulala kulia: *Salamu, kupitia kipaza sauti cha chumba cha ioni.*

Profesa alisoma. Rangi ya uso wake ilibadilika kuwa ya majivu. Alifungua kinywa ili asome kwa sauti, kama utaratibu ulivyotaka, akakumbuka yatakuwa maneno ya nani yakishatoka. Akausogeza ukurasa kwa Mkaguzi, kwa ncha ya kidole.

Mkaguzi alisoma. Unyoya wa kofia yake ukaanza kutikisika. “Hili… limeandikwa vizuri,” alisema, akausogeza kwa Karani.

Karani alisoma, akaurudisha kwa Profesa kwa haraka ya mtu aliyeshika kaa la moto. Ukurasa ulizunguka meza mara tatu. Kuusoma kwa sauti kulikuwa kosa. Kuuchana kulikuwa kosa, kwa kuwa ulikuwa na namba. Kuuweka kwenye faili kulikuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa faili husomwa.

Hatimaye Mkaguzi, ambaye hakuwa amefikia cheo kile kwa bahati, aliuchukua ukurasa, akaukunja, akaugawa sehemu tatu zilizo sawa kwa mkasi wa Karani. Akatia kipande chake katika chai, akakitafuna kwa heshima zote. Profesa alikitazama cha kwake, akafumba macho, akameza. Karani alikuwa na meno machache, ilimchukua muda zaidi.

“Kumbukumbu zionyeshe,” alisema Mkaguzi akijipangusa midomo, “kwamba Mpimaji hakuleta jina lolote.”

“Hakuleta,” alisema Profesa. Sasa macho yake yalikuwa ya mtu anayezama aliyeuona ubao. “Kwa hiyo Baraza litajaza lenyewe. Adelina Mshitu, simama.”

Adelina alisimama. Karani alipima urefu wa kitambaa kwa mkono. Natanaeli alisikia mkasi ukifunguka, na katika sauti ile ndogo aliisikia nyumba ya Bibi Nakiete ikinyamaza, chumba kwa chumba. Hofu ilikuwa imemjaa kiasi kwamba haikuwa na mahali zaidi pa kukaa. Ndipo akapata kusema.

“Naomba kuuliza, waheshimiwa, kwa ajili ya usahihi wa kumbukumbu. Kabla sijapima, Taasisi hii ilikuwa na makosa mangapi?”

“Sifuri!” alisema Profesa. “Miaka sita!”

“Na leza zilikuwa zikilengwa na nani kwa miaka hiyo sita?”

Karani alifungua kitabu. “Adelina Mshitu.”

“Nilipopima, yakawa elfu nne mia moja na kumi na mawili.”

Mkaguzi ndiye aliyeng'amua wa kwanza; uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyeletewa andazi. “Kwa hiyo makosa yaliletwa na kipimo!”

“Nami ndiye niliyepima,” alisema Natanaeli.

“Mzee!” Adelina alipiga hatua.

“Kaa chini, mwanangu.”

Baraza lilipata faraja ambayo halijaipata kwa juma zima. Profesa alitoa hotuba fupi ya dakika arobaini, akieleza kwamba hatari kubwa kwa taifa haikupata kuwa kosa bali macho yasiyo na kazi. Jina likaandikwa. Kisha Karani alisoma kifungu kinachompa mwenye kosa ruhusa ya maneno kumi na mawili kabla ya kufungwa, yasiyo ya kulalamika.

Natanaeli alikuwa ameyahesabu njiani. Alisema polepole, akitamka herufi zote:

“Kipaza sauti kiwekwe ukumbini, Salamu isikike kwa wananchi wengi zaidi kila siku.”

Wakubwa walitazamana. Hapakuwa na kosa ndani ya maneno yale, hata ukiyageuza vipi. Ukumbi wa mbele ulikuwa hatua arobaini kutoka kwenye chungu.

“Hata katika adhabu,” alisema Profesa, na machozi yalikuwa ya kweli, “mtu huyu anakumbuka Salamu!” Akaagiza ifanyike jioni ileile.

Karani alimfunga. Kitambaa kilikuwa na harufu ya wanga na ya kabati.

*

Kipaza sauti kilihamishwa. Makosa yaliondoka pamoja nacho. Kwenye Sikukuu ya Kanuni, mabalozi walipewa jibu sahihi na wakapiga makofi, Redio ikaeleza kwamba ufanisi ule ulitokana na Kiapo, na Mkaguzi akapata nishani. Mpimaji mpya alirudisha utaratibu wa zamani wa kupima mashine ikiwa imezimwa. Kwa hiyo hakuna aliyejua, isipokuwa mwanamke mmoja mwenye leza, kwamba katika nchi ile kulikuwa na kitu kimoja kilichofanya kazi kama kilivyotangazwa, au karibu yake.

Natanaeli alinyamaza. Alilima bustani, alikaa kanisani kiti cha nyuma, watu walivuka barabara wakimwona. Katika mwaka wa sita alisikia kengele ya msiba na kujua ni ya Bibi Nakiete; na kwa majirani waliosema wao kwa wao karibu na ua wake, ili asikie pasipo kusemeshwa, alijua kwamba bibi alifariki akisimuliwa habari za jikoni na bintiye, na kwamba alikuwa akicheka.

Baada ya miaka kumi na mmoja na miezi mitatu aliingia Ofisi ya Makosa. Bwana Chande alikuwa amezeeka, meno yakiwa yamekwisha kabisa. Alikata fundo, akaufungua wino wa muhuri.

“Sema neno, Mzee, ili sauti ithibitishwe.”

Ilichukua muda. Sauti ilitoka nyembamba, yenye kutu. “Hesabu haikutimia. Yalikuwa zaidi kwa matatu.”

Karani aliganda, muhuri hewani. Akatazama mlangoni, akatazama dirishani. “Mzee, usinifanyie hivyo. Daftari likipungukiwa, upungufu ni kosa, na kosa la daftari ni la karani. Mimi ni mtu mzima. Nina wajukuu. Nenda nyumbani.”

“Si lako. Niliyaona nikayaficha. Andika jina langu.”

“Miaka yote hii, siku tatu tu?”

“Ni siku tatu.”

“Yalitokea lini?”

“Katika robo saa moja.”

Karani alichovya kalamu. “Na palikuwa na mtu mwingine?”

Natanaeli alinyamaza. Alikuwa na mazoezi ya kutosha. Karani alingoja, kisha taratibu akaiweka kalamu kwenye karatasi na kuandika jina moja. Akakata kipande kipya cha marekani, akakifunga, kwa upole ambao sheria haikuutaja.

Siku ya nne, saa mbili asubuhi, alikifungua, akagonga muhuri: *Imelipwa.* Natanaeli aliusoma mstari ule mara tatu, mara ya tatu kuanzia mwisho, akatia sahihi, akatoka.

Kwenye ngazi za Ofisi ya Makosa alisimama mwanamke mrefu mwenye mvi za kwanza, mkoba wa kazi begani. Alitazama kwanza mdomo wake, kama kila mtu alivyozoea kutazama midomo ya wenzake katika nchi ile. Kisha akakunja goti kidogo.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba,” alisema Natanaeli. “Marahaba, mwanangu.”